Mkaa Umebaki Kalerwe

Tik, tik, tik. Katika giza la alfajiri kijiko kilikuwa kikigonga ukingo wa sufuria, polepole, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na Adong hakutaka kuwasha tochi ya simu asije akamwamsha Ayaa, binti yake mdogo, aliyelala nyuma ya pazia. Kwa hiyo aliigeuza nyama ya mbuzi kwa kupapasa, akaitia chumvi, tangawizi na ndimu, na wakati mkono ukifanya kazi yake, mdomo nao ulikuwa na yake.

"Mwalimu Erinayo," aliinong'oneza sufuria, "darasa la wanaoanza nitalifundisha mimi."

Akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa amri ya polisi, na polisi nyumba hii ilikuwa naye mmoja tayari, mume wake Olal. Akajaribu tena. "Mwalimu, kama hamtajali, na kama hakuna mwingine yeyote..." Sasa alikuwa kama mtu anayeazima chumvi. Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, kikanyamaza.

Adong alikuwa amejifunza kutengeneza programu za kompyuta kwenye darasa la jioni la Erinayo, akirudi nyumbani Nsambya na Ayaa amelala mgongoni. Sasa Erinayo alikuwa amepata kazi Jinja, na darasa lilibaki bila mwalimu. Kwenye kundi la simu la watengeneza programu wenzake alikuwa ameandika hivi: anayelitaka darasa aseme Jumamosi, tukishakula. Aseme kwa mdomo. Darasa halifundishwi kwa kuandika ujumbe.

Hayo maneno ya mwisho hayakutaja jina, lakini Adong aliyavaa yakamtosha kabisa. Kila mtu alijua kwamba vidole vyake vilikuwa wasemaji wakubwa kuliko ulimi wake. Kwenye mikutano alikaa karibu na mlango, na akiwa na wazo aliwatumia kwa simu watu waliokaa naye chumba kimoja.

Sherehe yenyewe Erinayo aliipa jina la muchomo wa kiangazi, kwa sababu alisikia kwamba vikundi vya ughaibuni huchoma nyama pamoja jua likitoka. Oketch, Mkenya wa kikundi, aliuliza ni kiangazi kipi, maana juzi tu alikuwa amevuka maji ya mvua Katwe na viatu mkononi. Adong ndiye aliyepewa maandalizi, kwa kuwa nyuma ya nyumba za polisi alikoishi kulikuwa na uwanja, na kwa kuwa hakukataa kwa sauti.

Akagawa kazi. Soda na barafu akampa Oketch. Valère, Mkongo mwenye mikono mirefu na maneno marefu zaidi, akapewa kutafuta jiko: pipa lililopasuliwa katikati na mafundi wa Katwe, lenye wavu juu. Bonny, aliyekaa Kalerwe karibu na soko, akapewa mkaa.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Kila kazi iliandikwa kwenye ukurasa wao wa mtandaoni pamoja na jina la mwenyewe. Ukimaliza, unaiwekea tiki ya kijani. Na kazi ya mwenzako huigusi mpaka aiachie kwa hiari yake. Kwa programu za kompyuta ni desturi nzuri sana.

Adhuhuri wote walikuwa wamefika, na tiki zote zilikuwa za kijani. Walisimama kulizunguka pipa la Valère kama waombolezaji. Lilikuwa safi, limepakwa rangi, na tupu.

"Bonny," akasema Adong kwa upole, "mkaa uko wapi?"

"Upo. Niliweka tiki tangu jana."

"Tiki tumeiona," akasema Oketch. "Tiki haichomi mbuzi."

"Nimesema upo. Gunia zima, mkavu. Hata niliujaribu, nikawasha kidogo, ukawaka vizuri mno."

Valère akamwekea mkono begani, kama daktari mwenye habari mbaya. "Bonny, ndugu yangu, uliwaka wapi?"

"Kwangu."

Oketch akakaa chini kwenye nyasi na kucheka mpaka akashika mbavu, na wengine wakafuata, kwa sababu hakuna aliyekuwa hapo ambaye hajawahi kusema neno hilo. Programu inakataa kwa wateja, inakataa kwa bosi, lakini mwenye kuitengeneza anaapa: kwangu inafanya kazi.

"Kazi iliandikwa kutafuta mkaa," Bonny akajitetea. "Nikautafuta, nikaupata. Kuuleta hakukuandikwa."

Ilikuwa kweli, na aliyeandika alikuwa Adong. Ufunguo wa chumba cha Bonny ulikuwa mfukoni mwa Bonny, hakuna huko wa kuuleta mkaa, na kutoka Nsambya hadi Kalerwe na kurudi, Jumamosi mchana, ilikuwa safari ya mtu asiye na njaa. Tayari watu wawili walikuwa wakimtazama muuza chapati aliye kando ya barabara.

Erinayo akaangalia saa. "Banange, jamani, mimi lazima niwe njiani kabla ya jioni. Labda tuahirishe. Na lile la darasa nalo tutalizungumza siku nyingine."

Siku nyingine. Siku nyingine Erinayo angekuwa Jinja, na darasa lingekuwa chumba chenye kufuli. Adong alitazama nyumba za polisi zilizopangana upande wa pili wa uwanja. Mbele ya kila mlango sigiri ilikuwa ikiwaka, na juu ya kila sigiri maharage yalikuwa yakichemka.

"Subirini," akasema. "Makaa yapo pale. Yameshawaka. Tukaombe kidogo kwa kila mlango."

"Lakini kazi ya mkaa ni ya Bonny," akasema Oketch.

"Nimeiachia," akasema Bonny.

"Iachie kwenye ukurasa."

Na Bonny, Mungu amsamehe, akatoa simu akaiachia.

Adong akawagawia makarai na makopo ya zamani ya rangi. Oketch akatangulia kwenye mlango wa Mama Abwola, mke wa sajini. Wakamwona akifika. Wakauona mdomo wake ukifunguka, kisha wakauona mlango ukifungwa. Akarudi na karai jepesi.

"Amekataa."

"Ulimwambiaje?" Adong akamuuliza.

"Nilimwambia naomba makaa."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa natembea."

Adong akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Halafu akawapanga mstari, watu wazima wenye digrii zao na makarai yao, naye akasimama mbele kama Mama Abwola, mkono kiunoni. Ayaa akakimbia akasimama pembeni yake, kuwa mtoto wa nyumba hiyo.

"Mlango ukifunguka huanzi na shida yako," akasema Adong. "Unasalimia. Unauliza za watoto. Unauliza mzee yuko zamu gani. Naye akikuuliza kwenu wapi, unajibu, hata kama njaa inakukata. Halafu unanyamaza. Mwenyewe atakuuliza kilichokuleta."

"Na asipouliza?" akasema Valère.

"Atauliza. Umeshika karai."

Bonny akawa wa kwanza kujaribu. "Habari naomba makaa," akasema kwa pumzi moja.

"Umeruka watoto," akasema Adong. Hakumcheka. "Rudi nyuma kidogo. Wewe si mwizi, hakuna anayekukimbiza. Nitazame usoni. Tena."

"Habari za hapa, mama? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," akasema Ayaa, akipangusa pua.

"Umeona?" akasema Adong. "Mlango bado uko wazi."

Aliwarudisha mmoja mmoja mpaka kila mtu alipoweza, hata Oketch, aliyelazimika kurudia zaidi ya wenzake na ambaye Adong alimsubiri bila haraka. Erinayo alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, anatazama, wala hakuangalia saa tena.

Wakaenda. Makaa yakaja mekundu, karai kwa karai, yakamiminwa ndani ya pipa. Bonny ndiye aliyechelewa, mpaka wakadhani amekamatwa. Alipotokea alikuwa amebeba sigiri nzima, na nyuma yake Mama Abwola mwenyewe na kigoda chake na wanawe wote.

"Nimekuja kuangalia makaa yangu," akasema Mama Abwola, akikaa mahali ambapo moshi haufiki. "Ndio nyinyi mnaotengeneza kompyuta? Bambi, maskini. Na mkaa mnaomba?"

"Mkaa upo, mama," akasema Valère. "Uko Kalerwe, umejaribiwa."

Mafuta yakadondoka, moto ukanguruma, harufu ikavuka uwanja na kuwaleta majirani ambao hawakuhitaji kualikwa, kwa kuwa mkaa ulikuwa wao. Bonny alikula kwa aibu kipande cha kwanza. Kuanzia cha pili aibu ilikuwa imekwisha.

Waliposhiba, Erinayo akafuta mikono na kusimama. "Sasa lile darasa," akasema. "Nani analitaka? Kwa mdomo."

Adong, aliyekuwa amewasimamisha mstarini muda mfupi tu uliopita, akahisi ulimi umegeuka kipande cha ubao. Akainama kukusanya sahani zilizokuwa zimeshakusanywa. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye simu. Kioo kilikuwa cheusi, chaji imekwisha, na umeme bado haukuwa umerudi. Oketch akatazama anga. Valère akamtazama Adong, kisha Bonny, kisha mfupa wake. Hakuna aliyetaka kuigusa kazi ya mwenzake.

Ayaa alikuwa amekaa miguuni kwa Mama Abwola, mafuta yamemfika kwenye viwiko. Akauchomoa mfupa kinywani.

"Mama analitaka, aliiambia sufuria asubuhi."