Shamba Lisilo na Mtu

Wewe ungemjibu nini mtu wa mradi aliyesimama kwenye tope na buti mpya, akakuuliza shamba lililoota magugu ni la nani?

Lamunu alikuwa ameinama kwenye magimbi yake, sketi ameipandisha akaifunga magotini, maji ya kijito yakimpita katikati ya vidole vya miguu. Kijito chenyewe si kikubwa. Kinashuka nyuma ya nyumba za askari jela, huku Luzira, kinapenya kwenye mafunjo, kinaingia ziwani. Mtoto anakiruka. Lakini hakikauki hata kiangazi, na ndiyo maana watu wa mradi walikitaka kwa bwawa dogo la kumwagilia.

"Mama, nakuuliza," akasema tena yule mhandisi.

Jina lake Okwir. Asubuhi alipofika alimsalimia Lamunu kwa lugha ya kwao kaskazini, akauliza habari za Kitgum, akauliza mvua, na Lamunu akajikuta anamwita mwanangu. Kazi yake aliifanya vizuri, hilo huwezi kumnyima. Alitoboa ardhi kwa chuma kirefu cha kuzungusha, akatoa udongo wa chini, ule wa kijivu, akaufinyanga donge, akalirusha juu na kulidaka. Halikupasuka. Akaachia chupa tupu ielee, akaifuata ukingoni huku anatazama saa, kupima mwendo wa maji. Mahali pa kuziba maji alipapata pawili, pote kingo zimekaribiana. Pa juu ni hapa kwenye magimbi ya Lamunu. Pa chini ni pale kwenye magugu.

"Udongo mzuri kote," akasema. "Lakini mimi nataka mahali hakuna maneno. Nikiandika kuna mtu, inaenda kwa kamati, na kamati inalala nayo. Mkubwa hawezi ngoja."

Huyo mkubwa hakuwepo. Vilikuwepo vitalu vyake vya maua kule mwinukoni, vimefunikwa nailoni nyeupe, na bomba lililokwisha kulazwa kutoka huko, mdomo wazi, limeelekea kijitoni. Kwenye bango la mradi walikuwa wameandika kwamba bwawa ni la akina mama wakulima.

Lamunu akamtazama Asuman, mwenyekiti wa mtaa. Asuman alikuwa anafuta kiatu kwa jani la mgomba. Shamba lile alilijua ni la Mwanawetu, jirani yake Lamunu. Mume wa Mwanawetu alipokufa, Asuman alibeba jeneza, bega la mbele, na ni yeye aliyewatangazia watu msikitini kwamba mjane ameingia eda, asisumbuliwe, hatatoka nyumbani mpaka imalizike.

"Mwenyekiti, wewe unajua hii shamba," Lamunu akasema.

"Mimi najua nini, nnyabo? Mimi nalima?" Akacheka, meno yote nje. "Jirani ndiye anajua. Jirani akisema, imetosha. Au tuandike hapa kwako? Sema tu. Mimi nakuhurumia juu ya wale wajukuu."

Mume wa Lamunu alikuwa askari jela. Alipokufa, chumba chao cha kambini kilipewa mwingine hata kabla ya matanga kuisha. Walikuta godoro nje, limelowa. Tangu hapo magimbi yale ndiyo yaliyolipa kodi ya chumba na ada ya watoto. Akayatazama. Majani yake mapana yalikuwa yamebeba matone ya asubuhi, moja moja, kama yalivyo siku zote.

Akayatazama na yale magugu. Mwanawetu, siku alipoanza kukaa ndani, alimshika mkono akamwambia: "Nitazamie mboga zangu, mwenzangu. Nakati zisimezwe na nyasi." Lamunu akaitikia. Mwanzoni alipalilia kweli. Halafu mvua zikazidi, goti likavimba, akawa anaanzia kwake, na akimaliza kwake jua limekwisha. Kesho, alisema. Kesho.

"Haina mtu," akasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Asante, mama."

Vibarua wakashuka na vigingi vya rangi nyekundu. Viliingia bila kupigwa sana, kwa sababu ardhi ile ilikuwa imelimwa miaka mingi ikawa laini.

Jioni alimpelekea Mwanawetu magimbi, yale makubwa, aliyoyachagua moja moja. Farhana, mjukuu wa Mwanawetu, akamfungulia mlango. Mwanawetu alikuwa ameketi mkekani, nguo nyeupe isiyo na nakshi, hana hata pete. Lamunu akakaa chini akaanza kumenya. Alizungumza mengi. Alizungumza bei ya mkaa, paka aliyezaa darini kwa jirani, yule mwalimu aliyehamishwa. Kisu hakikusimama, wala mdomo.

"Na goti?" Mwanawetu akauliza.

"Liko tu, dada."

"Farhana, mletee ile chupa." Yalikuwa mafuta ya karafuu, yamefungwa vizuri kwa kitambaa. "Nilimtuma kwa ajili yako. Upake ukienda kulala. Usinyanyue mizigo."

Lamunu akaipokea kwa mikono miwili yenye utomvu, ikataka kumponyoka.

"Asuman alipita," Mwanawetu akasema. "Ana adabu, hakuingia. Alisimama pale nje ya mlango, akanipa pole tena. Akaniambia bwawa ni maendeleo, nisihuzunike, maana shamba lile halikuwa la mtu. Jirani mwenyewe amethibitisha."

Kisu kikasimama.

"Dada, wangechukua yangu."

"Najua."

"Wajukuu wangu wangekula nini? Yule Asuman amenibana mbele ya watu, na yeye anajua, anajua kila kitu—"

"Najua, Lamunu."

"Usiseme najua, najua! Nitukane basi. Nifukuze!" Magimbi yakabiringika mkekani, Farhana akainama kuyaokota, bibi yake akamwashiria ayaache. "Ungekuwa wewe ungefanya nini? Bomba yao imelala pale tayari. Hata ningesema ni yako, wangechukua tu!"

"Wangechukua," Mwanawetu akakubali.

"Basi ulikuwa unataka nini kwangu?"

Nje trekta la kuchimbia lilikuwa linashuka kuelekea bondeni, taratibu, vikombe vikitetemeka kabatini. Watoto walilikimbilia wakishangilia. Mwanawetu alingoja lipite. Akakunja pindo la nguo yake nyeupe, akalikunjua.

"Nilitaka uwaambie nipo."