Wanakuja Kutazama Tu

Kabla ya kukubali kuwatembeza Wazungu msituni, Ambrosi Lugembe, mrina asali wa Sikonge, alimwuliza shemeji yake mara tatu.

"Una hakika wanakuja kutazama tu?"

"Kutazama tu, shemeji," akajibu Damas, tarishi na mkalimani wa boma. "Ndege ndiyo starehe yao. Wana darubini."

Basi asubuhi moja ya Juni, miaka michache baada ya vita vya Hitla, watu sita walishuka kwenye lori, shingo zimeviringishwa mitandio ya sufu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nyasi zilitota umande, na kila aliyesema alitoa moshi mdomoni. Ambrosi alitangulia, miguu mitupu, blanketi kuukuu begani.

Alipiga mluzi. Mara ya tatu mlembe akajibu, yule ndege mdogo wa kijivu anayewaongoza watu kwenye asali. Akalia, akaruka mti mmoja mbele, akangoja. Wazungu wakasahau baridi, wakamfuata kwa kunong'ona. Moyo wa Ambrosi ukalainika. Hakujua kwamba wageni nao huweza kumheshimu ndege.

Wakafika kwenye mti wa mtundu wenye nyuki. Mlembe akatua tawini kungoja fungu lake la masega, kama ada. Ndipo mkubwa wao, Bwana mmoja wa ndevu nyekundu, akachomoa bunduki fupi kwenye mfuko wa turubai. Pa! Ndege akaanguka miguuni pa Ambrosi.

Bwana akamwokota, akampangusa manyoya, akamlaza juu ya pamba ndani ya kijisanduku. Kisha akasema neno. Damas akatafsiri macho yakiwa chini.

"Anasema vizuri sana. Sasa umwitie na jike lake. Anawataka wawili, awapeleke Ulaya."

Damu ikampanda Ambrosi kichwani. Baba yake na babu yake walikula kwa mluzi ule.

"Mwambie mimi si mbwa wake wa kuwindia. Mwambie amemwua mwenyeji aliyempokea!"

Damas akatamka maneno mawili matatu ya Kiingereza. Bwana akatabasamu, akamnyoshea Ambrosi sigara.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba umechoka. Tafadhali, shemeji, hasira hasara."

"Hasara ni wewe!"

Akampokonya Bwana kijisanduku, akakikumbatia, akaingia porini. Walimpigia kelele, hakugeuka. Akawaacha pale pale, wao na mkalimani wao. Walilipata lori saa tisa alasiri, miiba imewachana nguo.

Ambrosi alimzika mlembe kando ya kichuguu. Kesho yake askari wakamfuata nyumbani, na kwa kosa la wizi akafungwa mwezi mmoja, kupasua mawe kwenye baridi ile ile. Walimtaka aombe radhi apunguziwe. Alikataa.

Jumapili mkewe Flavia alikuja kumwona, na nyuma yake Damas, kaka yake, kikapu cha viazi mkononi.

"Nilikuwa nalinda kazi yangu, shemeji," Damas akasema.

"Ilinde." Ambrosi hakumtazama. "Na hivyo viazi kawape waliokutuma."

Flavia akamwambia kwamba mizinga yake yote ya nyuki imeteremshwa mitini, naye amepigwa marufuku kukanyaga msituni.

"Rudi nyumbani ukaninolee shoka," Ambrosi akasema. "Nikitoka nachonga mingine."

Akainua nyundo, akalipiga jiwe likapasuka vipande.