Ushuhuda Ulioandikwa na Pasta

Karatasi zilikuwa mbili, zimechapwa kwa herufi kubwa ili Nyamal asikwame. Pasta Ephantus alimkabidhi Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, akamwambia azisome hadi zimkae kichwani. Wageni wafadhili wa kanisa wangefika Jumapili ya wiki iliyofuata, na siku hiyo hiyo Nyamal angebatizwa. Kwanza ushuhuda, kisha maji.

Alizisoma njiani, akifuata reli. Alipofika landi, zile nyumba kuukuu za wafanyakazi wa reli, alikuwa amezikunjia ngumini kwa hasira.

"Wameandika nini?" akauliza Mama Nanyama, aliyeketi mlangoni akipukuchua mahindi.

"Eti nilikuwa gizani, Kukhu. Eti kwetu hatukumjua Mungu."

Alimwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, ingawa hawakuwa na undugu. Nyamal alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini, wa miaka kumi na mitatu. Mama Nanyama alikuwa mjane wa fundi wa reli. Shangazi yake Nyamal ndiye aliyemtoa kambini Kakuma akamleta Nakuru kutafuta shule, wakapanga chumba jirani na mjane huyo. Kisha shangazi akarudi Juba kumtafuta mumewe, na tangu Pasaka ya mwaka juzi simu yake haipatikani. Mwenye nyumba alipotaka chumba chake, Mama Nanyama alijitwika godoro la msichana kichwani, akaliingiza kwake. Hakuitisha mkutano wala hakungoja barua ya mtu.

Hilo la kwamba hawakumjua Mungu ndilo lililomchoma Nyamal kuliko yote. Mama yake alikuwa mpiga ngoma wa kanisa tangu usichana wake. Asubuhi ile vita vilipoingia mjini kwao, kando ya Naili, watu walikimbilia kanisani wakiamini hakuna atakayeua mle. Wenye bunduki waliingia. Mmoja wao alivaa msalaba wa mbao uliofungwa kwa uzi mweusi. Nyamal aliuona vizuri kwa kuwa alikuwa amelala chini ya benchi, na yule mtu aliinama. Alipogeuka, mama akawasukuma yeye na Duop, mdogo wake wa miaka minne, wakatokea dirisha la nyuma.

"Mshike mkono," mama alisema. Ndilo neno lake la mwisho.

Nyamal alimshika. Alikuwa na miaka minane. Walikaa kwenye mafunjo wakinywa maji ya kinamasi, hadi Duop akashikwa na homa, naye akambeba mgongoni. Siku ya tano wanawake waliokuwa wakikimbia ndio waliomwambia kwamba mtoto aliyembeba alikuwa amekwisha kufa. Ilibidi wamfungue kwa nguvu.

Tangu hapo hakuomba. Kambini alifumba macho wengine walipofumba, basi.

Mama Nanyama hakumuuliza lolote. Jioni alikuwa akijisomea Neno kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Jioni moja alisoma jinsi Yesu alivyolia msalabani akimuuliza Mungu mbona amemwacha. Nyamal alikuwa akisugua sufuria. Akaacha.

"Alijibiwa?"

"Hapana. Siku hiyo hakujibiwa."

"Na hakuna aliyemgombeza kwa kuuliza hivyo?"

"Amgombeze nani? Si ni mtoto anauliza babake."

Kesho yake, akitoka shule, Nyamal aliomba kwa mara ya kwanza tangu kinamasi, na hakuomba kwa adabu. Alisimama nyuma ya behewa bovu akamuuliza Mungu alikuwa wapi asubuhi ile, na wapi siku zile tano. Alilia hadi kamasi. Jibu halikuja, lakini alijua hakuwa akiongea na hewa. Akarudi keshokutwa, na siku iliyofuata. Mwezi ulipopita alimwambia Kukhu kwamba anataka kubatizwa.

Sasa imani hiyo, aliyoipata kwa kuuliza, ilikuwa imeandikiwa majibu kwenye karatasi mbili.

Jumatatu walikwenda pamoja ofisini kwa Pasta. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyembembeleza mwalimu mkuu hadi Nyamal akapokewa darasa la sita bila cheti cha kuzaliwa.

"Pasta, hii si hadithi yangu," Nyamal alisema.

"Ni yako. Tumeipanga tu vizuri, kwa sababu wageni hawana muda."

"Yule mtu wa msalaba niliyekuambia hayuko. Duop hayuko."

Pasta akavua miwani. "Ukisema waliowaua walikuwa Wakristo, watu watajikwaa. Na huyo mtoto, hayo ni mazito sana. Tunataka waone vile Mungu alikuokoa kwa sababu ana kusudi na wewe."

"Na Duop hakuwa na kusudi naye?"

Pasta alizivuta zile karatasi, akazinyoosha mezani.

"Pasta," Mama Nanyama akasema, "mwaka wa elfu mbili na nane, kwa zile ghasia za uchaguzi, shamba letu lilichomwa, nikalala kwa hema pale uwanja wa maonyesho. Watu walikuja wakanishikisha blanketi, wakanipiga picha, halafu wakachukua hiyo blanketi wakampelekea mwingine apigwe picha pia. Huyu mtoto hatashika blanketi yako."

"Mama, usiniweke fungu moja na hao."

"Basi toka kwa fungu lao."

Pasta alisema ubatizo utangoja. Mtu hawezi kuingia majini na uchungu wote huo kifuani.

Jumapili wageni walijaza viti vya mbele. Nyamal aliketi na kwaya, akidhani yamekwisha. Kumbe Pasta alikuwa bado na karatasi zake. Alizisoma mwenyewe, giza na yote, kisha akanyoosha mkono. "Simama, binti yetu, wakuone."

Nyamal alisimama. Simu zikainuliwa. Akaenda hadi mbele, akanyoosha mkono, na Pasta, akidhani anataka kushukuru, akampa kipaza sauti.

"Ndugu yangu anaitwa Duop," alisema. "Alikuwa na miaka minne, alikufa nikiwa nimembeba. Mama yangu alikuwa anapiga ngoma ya kanisa, sijui yuko wapi. Tulipigiwa risasi kanisani, na mtu mwenye bunduki alikuwa amevaa msalaba. Hayo ndiyo Pasta ameruka. Mimi namwamini Yesu, na bado nimekasirika."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Wariara, mwimbaji mzee wa sauti ya kwanza, alisogea hadi bega lake likagusa la Nyamal, wakabaki hivyo hadi ibada ikaisha.

Alibatizwa mwezi uliofuata huko Njoro, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe katikati ya ngano, na Mzee Nyongesa, shemeji yake Mama Nanyama, mchungaji wa kanisa la watu thelathini. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Kabla ya kumzamisha, mzee alimuuliza ni nani angetaka atajwe katika maombi. Akawataja wawili, mama yake na Duop, na mzee akawaombea kwa majina, bila haraka.

Alipotoka majini akitoa maji masikioni, alimwona Pasta Ephantus nje ya ua wa bwawa, peke yake, viatu vimejaa matope. Hakuna aliyemwalika. Nyamal alimwamkia kwa sababu Kukhu alimkazia macho. Kumsamehe kulichukua muda zaidi.