Asali ya Mgeni

Philister ndiye aliyemweleza Kogo Tabsabei, yaani Bibi Tabsabei kwa lugha ya kwao, Jumapili ya mwisho ya Agosti, wakinywa chai baada ya ibada kule mji wa Crystal, ughaibuni. Kazi yake Philister ilikuwa kumtunza mzungu mmoja mzee, na mzee huyo alijua habari zote za yule ndege mdogo kama kidole anayevuma mbele ya maua. Akiruka, moyo wake hupiga mara elfu kwa dakika. Ulimi wake una ncha mbili za kurambia utamu. Vijiguu ni vya kushikia tawi tu, hatembei. Kutwa nzima lazima ale, na usiku wa baridi hujizima kama jiko, akapoa mwili mzima, ili njaa isimuue kabla ya kucha. Mtundikie chupa, akasema Philister, sukari na maji, basi.

Kogo akaitundika barazani kwa mwanawe Kiprop. Lakini sukari? Mgeni anayetoka mbali hivyo, umpokee kwa sukari ya dukani? Kwao mgeni hupewa asali. Akatia ile aliyoletewa kutoka kwao Baringo, na ndege akawa haji mara moja kwa siku, anakuja kila saa.

Jioni moja katikati ya Septemba, Fiona, mjukuu wake wa miaka minane, akamwita. Ndege ametua ukingoni mwa chupa, mdomo wazi, ulimi umevimba unaning'inia nje. Anauchovya, hanywi. Kogo akampigia Philister simu.

"Mama Kiprop, uliweka nini mle?"

"Asali. Ile nzuri."

"Asali inamwotesha kuvu ulimini, Mama. Ilifaa nikuambie mapema."

Wanaotibu ndege wa porini walikuwa wamefunga hadi asubuhi. Kogo akaimwaga asali, akaosha chupa, akatia sukari. Ndege hakuweza kunywa. Giza lilipoingia alikuwa kwenye kijiti cha ua lililopandwa chunguni, amejikunyata, amefumba macho. Kogo akamgusa mgongoni. Baridi.

Fiona akauliza kwa Kiingereza chake: amelala au amekufa?

"Yote mawili ni baridi, mjukuu wangu. Kukicha ndipo tutajua."

Mtoto akakataa kuingia ndani, akasinzia mapajani pake chini ya blanketi. Kogo hakumgusa ndege tena, maana hakuwa na la kumfanyia. Akajiambia atakesha. Kidole chake bado kilinukia asali. Akakifuta kwenye leso, akakifuta tena. Mwishowe kichwa kikamwinamia, naye akalala.