Mguu wa Mwalimu Suud

Mguu wa Suud ulinuka tangu mlangoni. Alikuwa na maradhi ya sukari, akakanyaga msumari, na sasa donda ndugu limeshapanda mpaka kwenye muundi. Daktari wa kambi ya mafuta pale Azaiba, karibu na Maskati, Mholanzi, alikubali kumtazama kwa sababu mimi ndiye mpishi wake. Alisema kwa Kiingereza: ukatwe leo, au atakufa.

Suud ni kaka wa mke wangu, Masouda. Unguja alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Mkewe, Hind, aliuliwa kule mwaka wa sitini na nne. Miaka minne tuliyokaa naye Maskati alikuwa na neno moja tu: atarudi akazikwe ubavuni mwa Hind, mwili mzima kama alivyozaliwa.

Badala ya kujibu, Suud akamuuliza daktari, "Kwenu mguu mnauitaje?"

"Been. Na mfupa pia been."

"Waingereza wana bone. Kwao ni mfupa tu."

"Neno ni lile lile. Zamani sote tulilitumia kwa mfupa. Wajerumani wamelihamishia kwenye mguu. Kwao maana ya mfupa imebaki kwenye jina la pembe ya ndovu tu, na la mabaki ya maiti."

"Na asili yake?"

"Hakuna ajuaye. Nje ya ukoo wa lugha zetu halina ndugu."

Suud akacheka kidogo. "Kama sisi hapa."

"Mwalimu," nikamwambia, "unasomesha, na nzi wanakula."

"Wewe skuli uliikimbia, shemegi. Utajua wapi utamu wake?"

"Harufu nnaijua. Sema, akate?"

Akaugeukia ukuta. "Akate. Lakini msiutupe."

Ulikatwa chini ya goti. Masouda akaukosha, akauvika bafta nyeupe, nami nikaupakata mpaka makaburini. Mguu hausaliwi. Nilichimba peke yangu, na ardhi ile yote mawe.

Alipozinduka akaniuliza nimeuzika wapi.

"Hapa hapa Azaiba, nyuma ya mitende."

"Umeuelekeza kibla?"

"Nimeuelekeza."

Mholanzi akaingia, akasema mfupa uliobaki ni safi, atapona. Daktari alipotoka, Suud akanishika mkono.

"Nikifa mnilaze pale pale, shemegi. Nimeshaanza kuzikwa."

"Na Hind?"

"Hind atanisamehe," akasema. "Au asinisamehe."