Kitone cha Bujiku

Siku hizi nikimpigia mama, anapokea na kukaa kimya. Hasemi haloo, haulizi habari. Anasubiri niseme neno, kisha ananiambia, "Rudia." Narudia. Ndipo anapoitikia, na mazungumzo yanaanza.

Siku ile mwamba uliporomoka mchana. Mimi nilikuwa juu, kwenye chumba chenye kiyoyozi, katika mgodi wetu usio mkubwa kule Mwakitolyo. Waliobaki chini ni wawili: Mwita, kijana wa Tarime, na Bujiku, fundi umeme, kaka yangu wa tumbo moja. Kila anayeshuka huvaa kofia yenye taa, na taa hiyo imeandikishwa kwa jina lake. Hutuma ishara, sisi wa juu tukamwona kwenye skrini kama kitone cha kijani. Mwamba ulipoanguka, skrini iligoma. Vitone vyote vilipotea, ikabaki rangi ya kijivu.

"Zima uwashe," alisema Herman, meneja wetu.

"Nikizima sasa hivi, bosi, tumewazika."

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Basi na aniangalie! Programu ile ya vitone haikuwa na kompyuta yake yenyewe. Ilikaa kwenye mashine pepe, kompyuta ya kufikirika ndani ya seva moja, pamoja na mashine pepe nyingine za mishahara na za kamera. Programu inayowagawia wote nguvu za seva tuliiita mwenye nyumba, na hao wengine tukawaita wapangaji. Na nyumba yenyewe, jamani, ilikuwa kama ile niliyopanga Nyasubi: choo kimoja, ufunguo mmoja. Mpangaji ana ufunguo mfukoni, mwenye nyumba anamtuma dukani, na foleni mlangoni watu wanabana miguu. Ndicho kilichotokea ndani ya kiini cha mfumo endeshi, programu ya chini kabisa inayoongoza mashine. Kazi moja ilikuwa imeshika kufuli, mwenye nyumba akaipokonya zamu akawapa kamera, na kazi nyingine zote zikabaki zinagonga mlango.

Kosa hilo nilikuwa nimelifukuzia muda mrefu. Nikiweka mtego linajificha, nikiondoa mtego linarudi kunicheka. Niliwaandikia waliotuuzia mfumo, wakajibu kwamba kwao halionekani. Sasa lilikuwa limechagua siku yake. Mahali walipoonekana Mwita na Bujiku mara ya mwisho palikuwa hapajaandikwa kwenye diski. Palikuwa kwenye kumbukumbu tu, ambayo ukizima mashine inafutika.

Nikamwamuru mwenye nyumba amsimamishe mpangaji wa vitone palepale alipo, nikanakili kumbukumbu yake yote, nikaihamishia kwenye laptop yangu. Kisha nikamwachia Herman azime na kuwasha mpaka achoke. Mfumo ulirudi safi kabisa. Vitone vya wale wawili havikuwepo, maana mwamba ulikuwa umekata nyaya za upande wao.

Nikaanza kusoma nilichonakili. Ndani ya kiini, anwani, yaani namba ya mahali kwenye kumbukumbu, inakupeleka kwenye anwani nyingine, na hiyo kwenye nyingine, na nyingi ni takataka. Nikawa naandika amri na kuzifuta. Mama akapiga simu kutoka Songwa.

"Paskazia, mnamwona?"

"Bado, mama."

"Si wewe ndiye mwenye hiyo mitambo?"

Nilimwambia aombe Mungu, nikakata.

Niliwapata. Taa ya Bujiku ilikuwa njia ya mashariki, taa ya Mwita njia ya magharibi, na kifusi katikati yao. Nikamkimbilia Mzee Boaz, mkuu wa waokoaji, nikamwonyesha zote mbili bila kuficha. Mashine ya kutobolea ilikuwa moja na hewa huko ndani haikuwa ya kungoja. Mzee Boaz alitazama skrini, akanitazama mimi, macho yakamlegea.

"Tunaanza mashariki, mwanangu. Kwa kaka yako."

Nilifurahi, nikaona haya kwa kufurahi, na bado nikafurahi.

Baada ya hapo sikuwa na kazi. Hakuna kitu kibaya kama kukaa mbele ya kompyuta nzima wakati mtu wako yuko chini ya mawe. Nilikuwa nabofya tu, nafungua madirisha na kuyafunga. Agnetha wa mapokezi alinipa chai, ikapoa ikaota utando.

Kisha kitone kikawaka. Chini yake jina: BUJIKU. Kikasogea taratibu kwenye njia kuu, kikasimama, moyo wangu nao ukasimama, kikaendelea mpaka kwenye lifti. Kikaanza kupanda. Nilipiga kelele nikamkumbatia Herman, Herman niliyekuwa nimemnunia tangu mchana, nikachukua simu.

"Mama! Bujiku ametoka! Nimemwona kwa macho yangu!"

Mama alipiga vigelegele. Nikakimbia nje kuelekea mdomo wa shimo, simu mkononi.

Walikuwa wamemlaza kwenye machela, uso wote vumbi. Mzee Boaz alimfuta kwa mkono, akatokea Mwita. Kichwani alikuwa na kofia ya kaka yangu.

"Dada," alisema, akikohoa, "yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Mimi ndiye niliyekuwa naenda mbali. Akanipa yake."

Huko chini ndivyo wanavyoishi: anayekwenda mbali hupewa taa yenye chaji. Wachimbaji wote waliokuwa pale walilijua hilo, na hakuna aliyelikumbuka. Mzee Boaz aliketi chini kwenye kokoto, akashika kichwa. Kisha akainuka akawapigia vijana wake kelele wahamie magharibi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua amechelewa.

Bujiku walimfikia kesho yake. Alikuwa ameshakata roho, ameegemea ukuta, taa ya Mwita imezimika mapajani.

Lakini hayo ni ya kesho. Saa ile nilikuwa nimesimama pembeni ya machela, simu iko sikioni. Upande wa pili vigelegele vilikuwa vingi sasa, majirani walishafika, na mama alikuwa akiwaambia kwamba Paskazia amemwona kwa macho yake. Nilifungua mdomo. Nilimwita mama, nikamwita tena, na kwa kelele zile hakunisikia.