Tende ya Yazan

Mzee Saud alikuwa amekwisha kumenya tende tatu, na zote tatu amezikataa. Moja ilikuwa na nyuzi, ya pili ngumu ubavuni, na ya tatu haikuwa na kosa lolote ila woga wake mwenyewe. Kwa mtu aliyeishi na mitende ya kijiji cha Samad miaka yote hiyo, aibu iliyoje!

"Babu, yallah, mtoto atalala," alisema mjukuu wake Balqis, aliyetoka hospitali asubuhi ile na Yazan wa siku mbili begani. Alitaka babu yake atafune tende, kisha ampake mtoto kwa kidole kwenye kaakaa, kama wafanyavyo wazee, ili maisha yake yaanze kwa utamu. "Mama anasema yeye hukumfanyia. Na wajomba pia. Anasema Babu hana moyo."

"Mamako ana haki ya kusema."

Watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyeonja tende kutoka kinywani mwake. Hata kahawa alinywa kwa kikombe chake peke yake, kisichozungushwa na vya wenzake. Watu walisema anajidai, Ulaya imemlevya. Akawaacha waseme. Lakini huyu Yazan alikuwa na paji la uso la marehemu mkewe, na mzee alitamani sana kumtia tende.

Basi akayatoa ya moyoni.

"Nlipotoka Unguja nlifika Denmark, na kutoka huko nkapata kazi ya kuosha sahani Greenland, kwenye kambi ya Wamarekani. Mwaka wa sitini na nane ndege yao ikaanguka juu ya barafu, imebeba mabomu manne ya nyuklia. Hayakuripuka ule mripuko wenyewe, alhamdulillah, lakini yalipasuka, sumu ikatapakaa kwenye theluji. Tukapewa mabeleshi tuizoe, tuitie kwenye matangi. Siku moja kiu kikanishika, mwanangu. Nkaila."

"Umekula nini?"

"Theluji. Konzi moja."

Balqis hakucheka. Alichukua simu yake, akaandika kwa kidole gumba.

"Subhanallah. Kweli, Babu, iko hapa. Na Spain pia, mabomu yalianguka karibu na mashamba ya nyanya. Na Amerika kwao wenyewe, mara nyingi..." Kidole kikaendelea kupandisha maandishi.

"Hakuna daktari aliyenambia n'na kitu," alisema mzee, na sauti yake ikawa ya kuomba. "Zaidi ya miaka khamsini, n'mzima. Nambie wewe, nimtie tende?"

"Si kitu, Babu," alijibu Balqis, macho bado kwenye simu. Akamwinua mtoto kutoka bega lililokuwa upande wa mzee, akamhamishia bega la pili. Huenda hata mwenyewe hakujijua. "Labda kesho, inshallah. Kashalala."

Yazan alikuwa macho kabisa, anautazama ukuta.

Balqis na mtoto walipoingia ndani, Mzee Saud akabaki barazani, akachagua tende ya nne. Hii ilikuwa nzuri kweli, laini, haina hata uzi. Akaimenya, akaitoa kokwa, akaitafuna polepole mpaka ikalainika kama inavyotakiwa kwa mtoto wa siku mbili. Ndani Yazan akaanza kulia. Mzee akageuza uso kwenye mlango, kafumba mdomo, tende yote imo ndani, hajaimeza.